Kumpa Mgeni Mgongo

Mume wangu alinyoosha mkono wakati hakuna kilicholia. Nilimwona kwa macho yangu kupitia kioo cha mlango: mzee mzima, koti limefungwa vifungo vyote, vile vikombe vyeusi vya kupimia usikivu vimembana masikio, mkono uko juu kama wa mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu. Mbele yake alikaa Isimbi, binti wa utafiti, na Isimbi hakuwa amebonyeza kitufe cha kutoa sauti. Alikuwa ameinua kidevu ajikune shingo, basi. Nzabonimana akaona kidevu kimepanda, akanyoosha mkono, akatabasamu. Isimbi aliporudisha macho kwenye mashine yake, mkono ulikuwa umeshashuka.

Nilitaka kugonga kile kioo. Sikugonga. Mimi ni mtu wa subira, ndivyo wanavyosema Muganza nzima, na wanasema kwa kunisifu. Kuna siku natamani wangenitukana tu, nikapumzika.

Nzabonimana alifanya kazi kwenye mashine ya kusaga mawe ya kiwanda cha saruji tangu alipokuwa kijana asiye na mvi. Wakati ule hakuna aliyewapa kitu cha kuziba masikio; walichomoa pamba kwenye godoro, wakaisokota, wakajitia. Kelele ilikuwa kubwa kiasi kwamba wafanyakazi walisemezana kwa midomo na vidole bila kutoa sauti. Aliacha kazi akiwa na mikono yake yote na miguu yake yote, tukamshukuru Mungu. Hatukujua kwamba kusikia kwake kulikuwa kunahama nyumbani kwetu kama mpangaji mjanja, anayetoa vyombo kimoja kimoja mpaka siku unafungua mlango unakuta chumba kitupu. Walianza kuondoka ndege. Ikafuata redio. Ikafuata sauti ya binti yetu Odette kwenye simu. Mwisho ikawa yangu.

Nikimwambia chumvi imekwisha, anasema, "Mungu atasaidia." Nikimwambia mbuzi wa watu ameingia kwenye migomba, anasema vilevile, Mungu atasaidia. Na Mungu hajawahi kuja kumtoa mbuzi. Natoka mimi, na fimbo yangu, na goti langu bovu.

Kilichofanya jambo hili liwe zito ni kwamba mume wangu ni msemaji. Huku kwetu, familia ya kijana ikija kuposa, pande mbili hukaa zikitazamana, na kila upande una mzee wake wa kusema. Wazee hao hutaniana, hutegeana maneno, hukataliana na kukubaliana mpaka watu wanashika mbavu. Nzabonimana ndiye aliyeitwa na koo zote za hapa, hata za kule Nyakabuye. Alipoanza kutosikia hakuna aliyejua, kwa sababu mimi nilikuwa nakaa nyuma ya wageni, mahali anaponiona. Wakiomba, nafanya hivi kwa mkono. Wakitania, nagusa shavu. Wakikasirika, nashika kitambaa cha kichwa. Naye anajibu, na watu wanapiga makofi.

*

Isimbi na wenzake walikuja kutafuta watu walioporwa kusikia na kelele. Walitukusanya sisi wazee kwenye baraza la kituo cha afya. Mama yake ni wa Kamembe, kwa hiyo alikijua Kiswahili chetu, na alituambia mambo kwa namna ambayo hata mimi, niliyeacha shule mapema nikalee wadogo zangu, niliyashika.

"Ndani kabisa ya sikio kuna vinywele," alisema, "vidogo mno, jicho halivioni. Sauti ikiingia, vinainama kama mpunga upepo ukipita. Kelele nyingi za miaka mingi zinavilaza chini, vinakufa. Na kwa binadamu, vikishakufa havioti tena."

"Sasa kwa nani vinaota?" akauliza Mutabazi. Huyu ni jirani yetu, alisaga mawe pamoja na mume wangu, na mdomo wake haujui siku ya mapumziko.

"Kwa kuku," akasema Isimbi.

Baraza likaangua kicheko. Isimbi akacheka pia, lakini akaendelea. Kuku akiharibikiwa masikio, alisema, baada ya majuma machache vinywele vinaota vipya na anasikia tena. Wao wanatafuta dawa ya kuliamsha jambo hilo kwa mtu. Hawajaipata. Wanaitafuta, na ili waitafute wanahitaji watu ambao hasara yao inajulikana kwa kipimo.

"Ndiyo maana nikinoa kisu tu, jogoo wangu anapanda juu ya paa!" akasema Mutabazi. "Batu ya Kigali, munasoma sana mpaka munatuambia kuku inatushinda."

Nilicheka na wenzangu. Nilipofika nyumbani nikawamwagia kuku mahindi, nikamtazama tetea wangu mweupe, yule ninayempa habari zote za mji kwa kuwa yeye angalau hugeuza kichwa, nikamwonea wivu. Mimi, mwanamke wa umri wangu, namwonea wivu kuku.

Siku ya kipimo Mutabazi aliingia wa kwanza. Alipotoka alikaa kwenye benchi katikati ya wazee wenzake, akawaambia kwa kelele anazoziita kunong'ona:

"Mutazame kidevu. Ule mutoto akituma sauti, anainua kidevu kidogo. Musimuache ahangaike bure, ametoka mbali."

Wakamshukuru. Asije mtu akasema walidanganya; wangeshangaa kusikia neno hilo. Mgeni ametoka Kigali, viatu vyake vimejaa vumbi letu la saruji, amebeba mashine yake mpaka kwako, anakuuliza kwa macho ya upole kama umesikia. Utamwambia hapana? Tena na tena, usoni? Ni sawa na kualikwa chakula ukaisukuma sahani. Tena kulikuwa na utamu mwingine. Wengi wetu shule ilituacha mlangoni. Kuingia chumbani mtu mzima, ukaulizwa, ukapata, ukapata tena! Walikuwa wakitoka wanapeana mikono. "Nimefaulu," alisema mmoja. "Sikukosa hata moja," akasema mwingine, na huyo hata ngurumo ya mvua huambiwa na mkewe.

*

Siku kadhaa baadaye Isimbi alikuja nyumbani. Nilikuwa napepeta mchele. Nikampa kigoda na chai, akakishika kikombe bila kunywa.

"Maman Odette, nimekuja kuaga," alisema. "Masikio ya Muganza ni mazima kuliko ya vijana wa Kigali. Wakubwa wangu wanasema tutafute mahali pengine." Akakizungusha kikombe mikononi. "Sielewi. Watu waliosaga mawe maisha yao yote. Nilikuwa na hakika. Sijui nimekosea wapi."

Nzabonimana akatokea nyuma ya nyumba, jembe begani. Isimbi akasimama kwa heshima.

"Papa, tunaondoka. Nimekuja kuwaaga."

"Karibu, binti yangu!" akasema mume wangu, uso wote unang'aa. "Karibu sana! Ukae hapa mpaka utuchoke!"

Isimbi akamtazama. Kisha akanitazama mimi.

Neno lilikuwa tayari kwenye meno yangu. *Anatania.* Nimelisema neno hilo sokoni, kanisani, kwa wakwe, kwa daktari wa macho. Anatania, mzee wangu anapenda mzaha. Ni neno jepesi, linafunika kila kitu kama ungo juu ya sufuria. Nikaona binti amesimama na chai yake isiyonywewa, amebeba kosa ambalo si lake, na nikahisi uchovu ambao sikuujua kuwa unaweza kumwingia mtu mchana kweupe.

"Hasikii," nikasema. "Hakusikia hata moja siku ile. Wote hawakusikia. Walikuwa wanatazama kidevu chako."

Akaweka kiganja mdomoni. Nilidhani atalia, akacheka, halafu kwa kweli machozi yakamtoka. "Maman, lakini kwa nini?"

"Kwa sababu wewe ni mgeni."

Nzabonimana alitutazama mmoja mmoja, akatikisa kichwa kwa furaha, akaenda kuosha jembe.

Isimbi alipiga simu pale pale uani kwangu, akazunguka migomba akiongea, akaomba, akajieleza, akaomba tena. Aliporudi alikuwa amepata asubuhi moja tu. Watakaopimwa watageuzwa, waangalie ukuta, wampe yeye mgongo. "Wakikataa," alisema, "sina la kufanya. Gari linaondoka."

*

Sasa nieleze nitamwambiaje mtu asiyesikia jambo la siri. Ukinong'ona, haliingii. Ukisema kwa sauti ya kumfikia, umewaambia majirani, na wapita njia, na wanaopalilia mpunga kule bondeni. Siri yake ilikuwa haiwezi kuzungumzwa naye bila kuitangaza. Tumeishi na kitu hicho miaka, kimekaa kati yetu kama gunia katikati ya mlango, kila mmoja anakiruka.

Nikamshika mkono, nikampeleka barabarani, pale malori ya saruji yanapopanga foleni na injini zinanguruma. Nikasimama mbele yake nikasema kwa midomo tu, bila sauti. Madereva walikuwa hawasikii, watoto wa machungwa walikuwa hawasikii, mimi mwenyewe nilikuwa sijisikii. Yeye alinisoma kila neno. Pale ndipo alipokuwa mzima, sisi wengine ndio viziwi.

"Isimbi anajua," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Uso wake ukafunga.

"Wanataka kukupima tena. Utaketi umempa mgongo."

"Nimpe mgeni mgongo?" Naye alisema kwa midomo tu, vile walivyosema zamani kwenye mashine. "Mimi? Mwana wa watu aje kwangu nimgeuzie mgongo kama ng'ombe?"

"Ndiye anayeomba."

"Haombi. Hajui anachoomba. Wakijua watu, nani ataniita tena kusema?"

"Na mimi, nani ananiita? Mimi naongea na kuku."

"Kuku wanasikia," akasema. Sikujua nicheke au nimpige. Na katikati ya hasira ile nikagundua kwamba tulikuwa tunaongea. Ninasema, ananijibu nilichosema, si kitu kingine. Ilikuwa imepita muda gani? Nikataka ugomvi ule usiishe.

"Dawa yenyewe haipo," akasema. "Wanatafuta."

"Wataitafutia kwa nani, kama wote mmefaulu?"

"Wakatafute kwingine."

"Sawa," nikasema. "Basi kwenye posa ya binti wa Mutabazi, uliyoitwa kusema, nitakaa jikoni na wapishi. Sitakaa mbele yako tena."

Alielewa. Niliona vile alivyoelewa, jinsi macho yake yalivyotafuta usoni mwangu mahali pa mzaha yakapakosa. Lori la mbele likang'oka, vumbi likatufunika, na lilipotulia alikuwa ameshanipa mgongo mimi, anarudi nyumbani.

Hakunisemesha. Sahani aliiweka mlangoni pa jiko ikiwa tupu, bila asante. Nilijuta, nikajiambia sijuti, nikajuta tena. Kumbe nilikuwa nimezoea hata ile "Mungu atasaidia."

*

Asubuhi ya kipimo nilifunga kitenge nikatoka peke yangu. Nilikuwa nimefika kwenye kisima nilipoona kivuli kingine pembeni ya changu. Alikuwa amevaa lile koti. Tukaongozana mpaka kituo cha afya.

Wazee wachache walikuwa kwenye benchi, wamekuja kuona nani atakubali, wala si kupimwa. Mutabazi akapaza sauti:

"Papa Odette! Kumbe na weye unarudia darasa?"

Wakacheka. Mume wangu akaona vinywa vimefunguka, hakujua kwa nini, akanigeukia kama anavyonigeukia siku zote. Nilichotakiwa kufanya ni kidogo sana, kugusa shavu tu: wanatania. Nikatazama vidole vya miguu yangu.

"Nimesema unarudia darasa?" akasema tena Mutabazi, na safari hii kicheko kilikuwa kifupi. Nzabonimana alisimama katikati ya watu waliomjua maisha yote, kichwa kinageuka kutoka mdomo huu kwenda mdomo ule. Mutabazi akaacha kutabasamu. Nadhani ndipo alipojua. Na nadhani alijua pia habari zake mwenyewe, maana alishusha mkono wake uliokuwa umezunguka sikio.

Isimbi akafungua mlango. Mle ndani kiti kilikuwa kimegeuzwa, kinatazama ukuta. Nzabonimana akakiona, akabaki kizingitini.

"Binti yangu," akasema, "mimi simpi mgeni mgongo."

Isimbi akaja mbele yake, akasimama karibu, uso kwenye mwanga ili midomo ionekane. "Papa, kwetu mtoto anayependwa anawekwa wapi akichoka?"

Mume wangu akamtazama midomo. Akafikiri. Nilimwona mzee wa posa anaamka ndani yake, yule ambaye hakubali kuachwa na neno.

"Mgongoni," akasema.

"Basi mimi nimechoka, Papa. Nibebe."

Akatoa pumzi puani, ile inayomtoka akishindwa kwa haki na mpinzani. Akaingia. Akaketi akitazama ukuta. Mimi nikakaa kwenye benchi na wengine, sikwenda tena kwenye kioo. Kilichokuwa kikilia mle ndani, au kisicholia, kilikuwa chake.

Walikaa muda mrefu. Mlango ulipofunguka Isimbi alikuwa na uso ambao hakujua auweke wapi. "Ni mbaya, Maman," aliniambia. "Ni mbaya sana." Na alikuwa amefurahi, na alikuwa anaona aibu kufurahi. Mkubwa wake kwenye simu alikuwa amesema gari lisubiri kwanza.

Mume wangu akatoka nyuma yake, anajipapasa masikio yalipobanwa. Isimbi akamweleza pale pale barazani. Kwamba kuna dawa itajaribiwa siku zijazo. Kwamba wengine watapata dawa na wengine watapata maji matupu, na si mpimaji wala mpimwaji atakayejua nani kapata nini. Kwamba huenda isimsaidie yeye hata kidogo, ije isaidie watu ambao bado hawajazaliwa. Alianza vizuri, polepole, akimtazama. Lakini furaha ilimchukua, akainama kukunja waya zake huku anaendelea kusema, na maneno ya mwisho aliyaambia sakafu.

"Unakubali, Papa?" akauliza, akainua uso.

Nilikijua kichwa kile. Nilikiona kinaanza kushuka kwa ile ndiyo yake ya siku zote, ndiyo ya chumvi na ya mbuzi. Isimbi naye alikiona, akanigeukia mimi. Benchi lote likanigeukia. Jibu lilikuwa kinywani mwangu, na lilikuwa jibu zuri, nimelisubiri kuliko mtu yeyote pale. Ingekuwa neno moja tu. Gari lilikuwa nje. Nikafunga mdomo nikaubana kwa meno.

Kichwa cha mume wangu kikasimama katikati ya njia. Akanitazama. Hakupata kitu. Akanitazama tena, kwa hasira, na nikastahimili hasira ile. Kisha akamgeukia Isimbi, akasema kwa sauti kubwa isiyo na kipimo, sauti ya mtu ambaye kwa muda mrefu hakuwa akijisikia, hata wauguzi wakachungulia madirishani:

"Sikusikia. Sema tena."

Isimbi akaacha waya. Akasogea kwenye mwanga, akasema tena.

"Bado," akasema Nzabonimana. "Hiyo ya maji sikuishika. Sema tena."